Kumi Bora ya Walioshindwa: Nani Alikula Somo, Nani Alikula Hasara

Majina ya washindi wa shindano la uandishi yametangazwa, lako halimo, na tayari umeandika ujumbe mrefu wa kutuma kwenye kundi la WhatsApp, ukieleza kwamba majaji wale hawajui kitu. Usiutume. Kaa. Kunywa maji. Wapo walioshindwa kabla yako, tena mbele ya dunia nzima, na nimewapanga hapa kwa utaratibu wa kisayansi niliouvumbua leo asubuhi.

Kipimo ni kimoja: aliyeshindwa alitoka na somo kiasi gani? Sitazami nani alionewa, maana kwa hesabu hiyo kila aliyewahi kushindwa angeshika namba moja. Sitazami nani alilia kwa heshima. Natazama kama kilichofuata kilikuwa bora kuliko kile kilichopigwa chini. Tunaanzia mkiani. Anayetaka kurukia namba moja aruke tu, ila asije kunibishia kuhusu namba sita ambayo hajaisoma.

10. Kushindwa na Hakuna

Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi Afrika ilianza kutolewa 2007, ikiwa na dola milioni 5 zinazolipwa kidogo kidogo kwa miaka 10. Joaquim Chissano wa Msumbiji akaichukua mwaka wa kwanza, Festus Mogae wa Botswana akafuata. 2009 ikafika, kamati ikakaa, ikawapitia marais waliong'atuka, ikatoka na jibu: hakuna. 2010, hakuna. 2012, 2013, 2015, 2016, hakuna. Bwana Hakuna ndiye bingwa wa tuzo hiyo, na hajawahi kuhudhuria sherehe hata moja.

Vigezo wala havikuwa siri. Uwe ulichaguliwa kidemokrasia, ulikaa muda uliowekwa na katiba, uliongoza kwa mfano, kisha ukaondoka. Kuna watu hapo kwenye kuondoka ndipo mtihani ulipowashinda.

Hukumu: ukishindwa na mtu, unaweza kuisoma kazi yake ukajua alikuzidi wapi. Ukishindwa na Hakuna utasoma nini, ukuta?

9. Kushindwa kabla ya kushindana

Huyu hana jina kwa sababu huenda ni wewe, na sitaki kesi.

Masharti yalisema maneno 3,000. Akatuma 5,200, akiamini utamu wa hadithi utawafumba majaji macho. Masharti yalisema jina la mwandishi lisionekane popote kwenye mswada. Akaliweka chini ya kila ukurasa, na namba ya simu juu yake, endapo wangependa kumpongeza mapema. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa saa sita usiku. Akatuma Jumamosi asubuhi, na aya mbili kuhusu kukatika kwa umeme.

Jambo linalouma hapa ni kwamba hadithi yake huenda ilikuwa nzuri. Hatajua. Mswada uliokatwa mlangoni haufiki kwa msomaji, kwa hiyo mwenyewe anarudi nyumbani hajui kama tatizo ni mwanzo unaokokota, wahusika wanaoongea wote kwa sauti moja, au ule mwisho ambao kila mtu anakufa kwenye ajali ya basi. (Kama hadithi yako inaishia kwenye ajali ya basi, tatizo ni ajali ya basi.)

Hukumu: somo lipo, lakini ni la darasa la pili. Soma maelekezo ya mtihani kabla ya kuandika jina lako.

8. Maoni ya majaji yaliyochelewa miaka 50

Kila mshiriki hudai hiki kitu: "Angalau wangetuambia tulikosea wapi!" Haya, sikiliza yaliyompata J.R.R. Tolkien. Mwaka 1961 rafiki yake C.S. Lewis alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Tuzo ikaenda kwa Ivo Andrić wa Yugoslavia. Sababu za kamati hufungiwa kabatini miaka 50, kwa hiyo kabati lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2012, dunia ikasoma kwamba Anders Österling wa kamati ile aliiona kazi ya Tolkien haijafikia kiwango cha juu cha usimuliaji. Usimuliaji! Wangemkosoa kwa urefu wa vitabu ningewaelewa. Wangelalamikia wingi wa majina ya milima ningewaunga mkono.

Kufikia hapo Tolkien alikuwa amelala kaburini tangu 1973 na The Lord of the Rings ilishageuzwa kuwa filamu tatu, ya mwisho ikiwa na Oscar 11. Katika kabati hilohilo ilionekana kwamba Robert Frost aliachwa kwa sababu amezeeka mno. Hilo nalo ni la kurekebisha vipi? Apunguze miaka?

Hukumu: ukipewa maoni ya majaji, shukuru, yasome mara moja, kisha uyaache wiki nzima kabla ya kuyaamini au kuyakataa. Jaji anaweza kukuonyesha panapomuuma yeye. Dawa utaitafuta mwenyewe.

7. Wa tatu aliyewafunika wawili

Hilversum, Uholanzi, Machi 1958, mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Ufaransa ikashinda kwa wimbo wa André Claveau wa kumbembeleza mpenzi alale. Mpenzi alilala, na dunia nayo ikalala. Nafasi ya tatu akashika Mwitalia Domenico Modugno na wimbo unaoitwa rasmi "Nel blu, dipinto di blu". Huujui? Unaujua. Ni "Volare". Hata mjomba wako asiyejua neno la Kiitaliano zaidi ya "spageti" anaweza kuuimba kiitikio.

Mwaka uliofuata Marekani ikatoa Grammy kwa mara ya kwanza kabisa, na "Volare" ikabeba tuzo ya rekodi ya mwaka na ya wimbo wa mwaka.

Kwa nini basi namba saba tu? Kwa sababu Modugno hakubadilisha kitu. Wimbo ni uleule. Kilichobadilika ni meza ya majaji. Najua mtasema hilo nalo ni somo, kwamba kazi iliyokataliwa hapa inaweza kukubaliwa pale, na kweli wapo waandishi wengi ambao mswada wao ulihitaji bahasha nyingine tu. Lakini kuna wengine mia ambao mswada wao ulihitaji kuandikwa upya, na wote mia hujiona Modugno.

Hukumu: kula raha, usiige.

6. Bosi akose, kijana alete

Januari 2014 Diamond Platnumz alitoa toleo la pili la "Number One", akiwa na Davido wa Nigeria. Katikati ya mwaka akapanda ndege kwenda kwenye tuzo za BET Marekani, akiwania ya msanii bora wa kimataifa kutoka Afrika. Akashindwa. Na nani? Na Davido. Yaani mgeni uliyemwita jikoni akuongezee chumvi ndiye aliyeondoka na sufuria.

Hapa watu wa kawaida huanzisha bifu. Diamond akaendelea kupanga kolabo na safari, na 2015 akachukua tuzo za MTV za Ulaya. BET yenyewe ilimkwepa: 2016 akakosa, 2021 akakosa. Lakini 2017, Rayvanny, kijana wa lebo yake ya WCB Wasafi, akapigiwa kura na watazamaji kuwa msanii mpya wa kimataifa. Kombe lililokataa kuingia kwa bosi likaingia na mwajiriwa.

Somo ninaloliona ni hili: aliyeshindwa alishajua mlango uko wapi, unagongwaje, na mashabiki wanahamasishwa vipi kupiga kura. Maarifa hayo hayakuwa ya mtu mmoja tena. Ukishindwa, angalau mwachie ramani anayekuja nyuma yako.

Hukumu: nzuri, ila ingepanda hadi tatu kama kombe lingekuwa na jina lake. Mashabiki wa mshindani wake Alikiba, tulieni, hii si orodha ya nani mkali.

5. Sare: Canterbury na Irvine

Nimewapa nafasi moja wazee wawili ili wapenzi wa fasihi wa Tanzania na wa Kenya wanishambulie kwa pamoja, nipumzike mara moja.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994 kwa riwaya yake Paradise. Akashinda James Kelman wa Scotland, na ushindi wenyewe ukazua vita: mmoja wa majaji alitoka hadharani akauita aibu. Fikiria hali hiyo. Umeshindwa, halafu majaji wenyewe wanagombana kama mlikuwa mnashindania kitu halali. Kisingizio cha kususa kilikuwa mezani, kimefungwa na utepe. Gurnah akarudi kuandika. Kati ya hapo na Nobel aliyoshinda 2021 alitoa riwaya sita, akiwa na kazi ya kufundisha chuo kikuu. Simu kutoka Stockholm ilipoingia alikuwa jikoni kwake Canterbury, Uingereza, akidhani ni wale wanaopiga kuuza vitu. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeacha kusubiri simu. Na ile Paradise sasa tunaisoma kwa Kiswahili, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis.

Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa upande wake, alishindwa Nobel kila Oktoba kama vile ni ada ya mwaka. 2010 waandishi wa habari walikwenda kupiga kambi nje ya nyumba yake Irvine, California. Ikatangazwa Mario Vargas Llosa. Wanahabari wakanywea kuliko mwenyewe, ikabidi yeye na mkewe wawaliwaze kwa kahawa. Miaka 11 baadaye Kenda Mũiyũru, aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ na kuitafsiri kwa Kiingereza mwenyewe, ikaingia orodha ndefu ya Booker ya Kimataifa, kitabu cha kwanza kufika hapo kikitoka lugha ya Kiafrika. Alifariki 2025 bila Nobel, na sijaona hasara yake. Ya Nobel naiona.

Hukumu: kwa adabu ya kushindwa, hawa ni namba moja na mbili. Kwa kipimo chetu cha "somo", nawaweka tano, kwa sababu hawa wawili hawakuwa wamekosea kitu cha kurekebisha. Povu mwageni hapa.

4. Mara 20 bila

Kevin O'Connell ni fundi wa kuchanganya sauti za filamu. Aliteuliwa kwa Oscar kwa mara ya kwanza kwa kazi ya 1983. Akakosa. Akateuliwa tena, akakosa. Fupisha hadithi: uteuzi 20, suti zikavaliwa, viti vikakaliwa, na makofi yote yakapigwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mama yake, aliyemtafutia kazi ya kwanza studio, alimwagiza alipe fadhila kwa kushinda Oscar na kumshukuru mbele ya dunia. Februari 2017, uteuzi wa 21, filamu Hacksaw Ridge, akaitwa. Akamshukuru mama, ambaye alikuwa amekwisha kufa.

Machozi mmefuta? Sasa njoo kwenye sehemu tamu. Mwaka huohuo, kwenye kundi hilohilo la sauti, alikuwepo Greg P. Russell, mwenzake wa miaka mingi aliyekuwa ameketi naye kwenye vingi vya vile viti vya makofi. Russell alikuwa na uteuzi 17, huo ukiwemo, bila ushindi. Siku moja kabla ya sherehe Academy inayotoa Oscar ikafuta uteuzi wake, kwa sababu alikuwa amewapigia simu wapiga kura kuwaeleza kuhusu kazi yake katika filamu 13 Hours. Mmoja alingoja simu yake hadi uteuzi wa 21, mwingine akashika simu mwenyewe.

Nimemweka O'Connell nne kwa shingo upande, nawaambieni ukweli. Kung'ang'ania ni sifa, lakini kung'ang'ania peke yake hakuboreshi kitu. Mtu anaweza kutuma shairi lilelile kila mwaka kwa miaka 20 na akawa mtu wa shairi moja. Kinachomwokoa O'Connell ni kwamba kila uteuzi ulikuwa filamu mpya, kazi mpya. Hakurudia ombi. Alirudia kazi.

Hukumu: nne, na onyo kali kwa wanaomtumia jaji salamu za sikukuu.

3. Kuvunja rekodi ya dunia na bado ukawa wa pili

Christchurch, New Zealand, 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wetu Filbert Bayi wa Tanzania, miaka 20, anachomoka bastola ilipolia na hageuki nyuma. Wataalamu wote walijua hukimbii 1500 namna hiyo. Bayi hakuwa amepokea taarifa. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia.

Nyuma yake anakuja mwenyeji, John Walker, 3:32.52. Muda huo nao uko chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun, iliyodumu tangu 1967. Walker amekimbia kasi kuliko binadamu yeyote aliyemtangulia duniani kabla ya siku ile, nyumbani kwao, mbele ya watu wao, na amepewa medali ya fedha. Ben Jipcho wa Kenya akashika ya tatu, na maskini huyo hakuna anayemtaja, nami nimemtaja ili Eldoret wasinikasirikie.

Hapa hapana jaji wa kumlaumu. Saa haina shemeji. Walker alijua upungufu wake hadi sehemu ya mia ya sekunde: 36. Mei 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili, 3:51.0. Agosti, Walker akaishusha hadi 3:49.4, mtu wa kwanza chini ya 3:50. Na 1976 Montreal akachukua dhahabu ya Olimpiki ya 1500.

Bayi je? Hakuwepo. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia, kwa sababu timu ya raga ya nchi fulani ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Nchi gani hiyo? New Zealand. Mbishi wa upande wa Bayi anaruhusiwa kusimama sasa.

Hukumu: tatu. Ukiweza, shindana mahali ambapo upungufu wako unapimika. Ukishindwa kwa "majaji hawakuvutiwa" utakaa mwaka mzima ukibahatisha. Ukishindwa kwa sekunde 0.36, kesho asubuhi unajua cha kufanya.

2. Aliyegombana na masharti, akayashinda

Kumbuka yule wa namba tisa aliyekatwa kwa kutosoma masharti. Huyu ni pacha wake mwenye akili.

Binyavanga Wainaina wa Nakuru alikuwa na simulizi, "Discovering Home", iliyochapishwa kwenye jarida la intaneti. Akaipeleka Caine, tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika iliyoko Uingereza. Jibu likaja kwamba wao wanataka kazi zilizochapishwa kwenye karatasi. Binyavanga, ambaye hakuzaliwa kimya, akawajibu kwa hasira: hayo majarida ya karatasi yako wapi Afrika, mnayotaka tuchapishwe? Kisha akadhani amejiharibia. Mwaka huo, 2002, akaingia orodha fupi. Akashinda.

Kama angeishia hapo ningempa saba, kwa kelele nzuri. Lakini tazama alichofanya na lile jibu la kukataliwa. Walimwambia huna jarida la karatasi. Akaenda Nairobi, yeye na wenzake wakaanzisha jarida la karatasi, Kwani?, toleo la kwanza 2003. Ndani yake mlikuwa na "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor. Caine ya 2003 ikaenda kwa nani? Kwa Yvonne Adhiambo Owuor, kwa hadithi hiyohiyo.

Angalia tofauti na kijana wetu wa umeme wa Jumamosi. Yule aliomba masharti yalegezwe kwa ajili yake. Binyavanga alionyesha kwamba sharti lenyewe linawafungia nje waandishi wa bara zima, halafu akajenga kitu kilichokosekana. Kabla hujaandika barua yako ya malalamiko, jiulize uko upande upi. Nakuonea huruma: uko upande wa umeme.

Hukumu: mbili, na kwa siku nyingine ningempa moja.

1. Aliyeshindwa mlango akarudi na paa

Firenze, Italia, mwaka 1401. Chama cha wafanyabiashara wa vitambaa, Calimala, kinatafuta fundi wa kutengeneza milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo. Washiriki saba wanaingia fainali. Kila mmoja anapewa shaba na mwaka mmoja wa kutengeneza kipande cha mfano, wote mada moja: Ibrahimu akikaribia kumchinja mwanawe. (Mwana yupi, mkabishane kwingine, Firenze walishaamua Isaka.) Majaji 34. Wanabaki vijana wawili, wote wafua dhahabu, wote miaka ishirini na kitu: Lorenzo Ghiberti na Filippo Brunelleschi.

Lorenzo akashinda. Alivyoandika baadaye kwenye kumbukumbu zake, walimpa wote bila kupinga hata mmoja. Mwandishi wa maisha ya Filippo, Manetti, anasema majaji walitaka wawili wafanye kazi pamoja, Filippo akakataa kugawana. Kila mmoja ana msemaji wake. Mambo ya msanii na meneja hayakuanzia Sinza.

Sababu ya kumweka juu ya wote ni hii: vipande vyote viwili bado vipo. Viko Firenze, jumba la makumbusho la Bargello, kimoja karibu na kingine, na kila apitaye anajifanya jaji wa 35. Cha Filippo ni vurugu tupu: kisu kipo shingoni, malaika ameukamata mkono wa Ibrahimu, punda anakunywa maji kama hayamhusu. Cha Lorenzo kimetulia, mwili wa kijana ni mzuri ajabu, macho yanatembea bila kugongana. Mimi moyo wangu uko kwa Filippo. Ila pindua kazi zenyewe utazame mgongo. Cha Lorenzo kimemwagwa karibu chote kwa mara moja, na ni chepesi kuliko mwenzake kwa kilo kama saba. Cha Filippo ni vipande vingi vilivyopachikwa kwenye bamba. Sasa zidisha kilo saba kwa vipande 28 vya mlango mzima, na shaba hailiwi bure, na wanaolipa ni wafanyabiashara. Ungekuwa mhasibu wa Calimala ungempa nani?

Filippo akafanya nini? Milango akaiacha. Inasimuliwa kwamba alikwenda Roma kupima magofu ya Warumi wa kale, kujua waliwezaje kusimamisha vitu vile. Mwaka 1418 Firenze ikatangaza mashindano mengine: kanisa kuu lao lilikuwa na tundu juu lenye upana wa mita 45 hivi, na hakuna aliyejua namna ya kuliziba. Njia ya kawaida ilitaka msitu mzima wa mbao za kushikilia matofali hadi yashikamane. Filippo akaja na mfano wake wa matofali na kusema: inajengwa bila msitu huo.

Sina barua yake ya kukiri, na sidai alikaa usiku akipiga hesabu za zile kilo saba. Lakini mtazame aliyeshindwa kwenye mashindano ya 1401 na mtu aliyetumia shaba kidogo: safari hii, mbele ya wafanyabiashara wengine, amekuja yeye akiwa ndiye mwenye bei nafuu.

Kamati za tuzo zikoje? Kazi zilimpa, ila hazikumwamini kikamilifu. Kazi ilipoanza 1420 wakamwekea msimamizi mwenza. Nani? Lorenzo Ghiberti! Vasari, mwandishi mwingine wa maisha yake, anasimulia kwamba Filippo alijilaza kitandani kwa maumivu ya ubavu yasiyo na daktari, mafundi wakabaki wanamtazama Lorenzo awape maelekezo, Lorenzo akasema hawezi kuendelea bila Filippo. Filippo akawajulisha kuwa yeye bila Lorenzo angeweza vizuri tu. Akapona siku hizohizo. Mwaka 1426 mshahara wake ukapandishwa hadi florini 100 kwa mwaka, Lorenzo akabaki na 36 zake. Mwaka 1436 kanisa likawekwa wakfu, na hadi leo hakuna kuba la matofali lililolizidi hilo kwa ukubwa.

Hukumu: moja, na rufaa haipokelewi.

Mtu wa Lorenzo namwona tayari amenyoosha mkono. Ndiyo, bwana, mteja wako alimaliza milango ile kwa miaka 21, na ilipendeza mno hadi wakampa mingine iliyomchukua 27 zaidi, ile ambayo watalii wanagombania kuipiga picha. Zawadi ya ushindi wake ilikuwa kazi ya maisha yote. Kama huko ndiko kushinda, tukutane barazani jioni, uje na kahawa yako.

Na ninyi mliosoma hadi hapa mkimtafuta John Stephen Akhwari: najua alimaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa na bandeji mguuni, wa mwisho uwanjani. Nimemwacha kwa sababu aliumia goti alipoanguka, na goti halitoi maoni ya majaji. Anayepinga apange foleni. Kwa sasa imefika Mbulu, kwao Akhwari.